Mti Ulioshiba Baraka

Nyasubi, Kahama, kuna wanaofuga kuku, kuna wanaofuga nguruwe, na kuna Maige anayefuga mti. Kupanda mti kila mtu anapanda. Maige anaufuga: anaunywesha kwa kipimo, anaunyoa, anauvisha nyaya za shaba mikononi mpaka ujikunje pale anapotaka yeye, na baada ya miaka ishirini mti uliopaswa kuipita nguzo ya umeme unakaa juu ya benchi, kimo chake hakifiki kiwiko. Majirani walishasema mpaka wakachoka.

"Baba Violeth, mpeleke kliniki huyo mtoto, amedumaa," jirani yake humwambia kila anapopita na ndoo.

"Kadi yake iko vizuri, mama," Maige hujibu. "Soma wewe mwenyewe."

Hakuna aliyemfundisha kazi hiyo. Alizaliwa Ibadakuli, enzi ambazo ng'ombe walikuwa wakiujua uwanja wa ndege wa pale kuliko ndege zenyewe, na ujana wake aliumalizia kwenye kitalu cha miche, akijaza udongo kwenye viriba, vile vifuko vya plastiki, kutwa nzima. Wiki aliyozaliwa binti yake wa kwanza alikuwa akisia mbegu za msonobari. Miche ile ilikua, ikapakiwa kwenye malori, ikaenda zake. Mmoja ulisahaulika nyuma ya tangi la maji. Miaka saba baadaye, siku wanafagia nyuma ya tangi, Maige akaukuta umekaa ndani ya kiriba kilekile, mrefu kama shubiri mbili, shina nene kama kidole gumba, na gome limepasukapasuka kama la mti mzee. Haukufa. Ulikuwa umejikunja tu ukaishi na kidogo ulichopewa. Maige alichuchumaa pale akautazama mpaka msimamizi akamwita mara tatu.

Jioni ile aliubeba nyumbani akamwita Violeth, aliyekuwa na mapengo mawili mbele. "Huyu mmezaliwa wiki moja," alimwambia. "Nitawatunza wote wawili. Siku ukiolewa utaondoka naye." Mtoto alicheka, kisha akauliza kama mti nao utavaa shela.

Kama kila mwanamume wa huku, Maige alijaribu na dhahabu. Alikwenda Geita, akakaa mashimoni miezi minane, akarudi na kikohozi pamoja na nusu gunia la kokoto nyeupe. Wenzake walicheka mpaka wakashika mbavu: mtu anakwenda kwenye dhahabu anarudi na mawe! Lakini Maige alikuwa ameona jambo. Udongo wa kwao hushika maji kama sifongo, na mizizi ya msonobari ikikaa kwenye maji huoza. Zile kokoto zilipitisha maji vizuri. Tangu siku hiyo mti ule ulikaa kwenye chungu kipana chenye kokoto na udongo kidogo, na nyaya za kuukunja akawa anaziokota kwa mafundi wa mota. Akahamia Nyasubi na mkewe Martina, akafungua kibanda cha kuuza miche ya mipapai na miparachichi, akalea watoto wanne. Violeth akasoma, akawa mwalimu wa kemia. Na mwaka huu akaposwa na kijana wa Geita, Marcel, na sendofu, sherehe ya kumuaga binti, ikapangwa katikati ya Desemba.

Maige alitangaza mapema, kwenye kikao cha kwanza cha kamati: baba wa binti atatoa mti. Wajumbe wakatazamana. Mmoja akauliza kama kwenye bajeti uandikwe samani au chakula. Maige hakujali. Kwake yeye ahadi ile ilikuwa na umri wa miaka ishirini, na hakuwa na kitu kingine duniani alichokitengeneza kwa mikono yake kuanzia mbegu mpaka hapo. Mti ukifa kabla ya siku hiyo, atasimama mbele ya ukumbi mzima mikono mitupu, baba aliyeahidi na hakutoa.

Katikati ya Novemba mambo mawili yalifika pamoja. Kwanza ilifika mvua, na msonobari ukatoa machipukizi: yamesimama wima, laini, ya kijani kibichi cha kupendeza, kama ishirini hivi. Maige alikuwa akiyahesabu kila jioni. Pili alifika Bibi Mbuke, mama yake Martina, kutoka kijijini kwake mbele ya Mwadui, kuja kumuaga mjukuu.

Hapa inabidi jambo moja lieleweke. Maige na Bibi Mbuke walikuwa hawajawahi kusemeshana. Hawakugombana, waliheshimiana, tena kupita kiasi. Bibi Mbuke alilelewa kwa mila za kale, na kwake yeye mwanamume hamtazami mama mkwe wake usoni, hali naye, halitaji jina lake, wala mama mkwe halitaji la kwake. Salamu za Maige zilibebwa na Martina zikapelekwa jikoni, na jibu likarudi kwa Martina huyohuyo. Bibi akiwapo, Maige hukohoa kabla ya kukata kona ya nyumba, na asubuhi hutokea mlango wa mbele, uwani anamwachia mkwe mpaka jua lichomoze vizuri. Miaka ishirini na nane wameishi hivyo, na Martina amekuwa posta yao bila mshahara.

Jioni moja, wiki ya pili tangu bibi afike, Maige aliinama kwenye benchi lake uwani akakuta machipukizi manne yamepinda. Ncha zilikuwa za kahawia, sindano changa zimegandana kama zimepakwa gundi, na juu yake kulikuwa na tabaka jeupe chafu. Kesho yake yalikuwa saba. Keshokutwa tisa. Akawa kama mtu aliyesikia mtoto akilia ndani ya nyumba asiyoona mlango wake.

Alifanya kama anavyofanya siku zote, kuanzia chini kwenda juu. Alichomeka kijiti cha mshikaki kwenye kokoto akakichomoa: kina unyevu wa kadiri. Aliuinua mti na udongo wake wote, akaitazama mizizi: myeupe, mizima, inanuka msitu. Alikwangua shina kwa ukucha, chini ya gome kukawa kijani. Majani ya mwaka jana nayo yalikuwa mazima. Basi ugonjwa hautoki ndani, aliwaza, maana mti ukiugua mizizi huugua wote. Huu unaugua vitoto vyake tu.

Hata hivyo alimpigia simu Pantaleo, rafiki yake mwenye karasha la kusagia mawe, aliyempa kokoto mpya mwezi wa sita.

"Niambie kweli, kaka. Kokoto zile zilipita kwenye zebaki ya kukamatia dhahabu?"

"Maige, nakujua wewe na mti wako. Nilikupa mawe makavu, hayajagusa hata maji ya mvua. Ningekupa ya zebaki, ningekuua wewe kabla ya mti."

Akaukagua tena, na safari hii akaona la ajabu: machipukizi yaliyougua yote yalikuwa upande wa magharibi. Ya mashariki yalisimama salama kama askari wa gwaride. Jua la alasiri, akasema, akatundika gunia upande ule. Siku mbili baadaye yaliyougua yalikuwa kumi na moja, na sasa sisimizi walikuwa wakipanda shina kwa mstari. Palipo na sisimizi, vidung'ata, wale wadudu weupe wanaofyonza utomvu, hawako mbali. Kila mkulima anajua. Akakata kipande akakipeleka duka la pembejeo kwa Donatus, mtu ambaye hajawahi kukutana na ugonjwa asioujua.

Donatus alikitazama nusu dakika. "Huu ni ukungu. Kama si ukungu, ni vidung'ata. Chukua dawa zote mbili." Akamwekea na chupa ndogo yenye picha ya fuvu. "Hii ndiyo mwisho wa maneno. Piga jioni pasipo upepo, uvae barakoa, na mtu asiusogelee mti huo siku tatu."

Maige alipanga kupiga dawa Jumamosi jioni. Lakini Jumamosi mchana Violeth alifika kujaribu gauni, na kabla hata ya kunywa maji alikwenda kwenye benchi kumwona pacha wake, kama alivyouita mti ule tangu utotoni. Baba yake akamweleza yote: mizizi, kokoto, gunia, sisimizi. Mkononi tayari alikuwa ameshika bomba la kunyunyizia.

"Baba, subiri kwanza," Violeth alisema. Alikwaruza lile tabaka jeupe kwa ukucha, akalisugua kati ya vidole, akalinusa. "Vidung'ata ukiwaminya wanatoa maji. Hiki ni kikavu. Juu kina kuvu, ndiyo, lakini kuvu imeota juu ya kitu. Imeota juu ya nini?"

"Mwalimu ni wewe."

Violeth alikuwa na madaftari ya wanafunzi kwenye begi, na kichupa cha iodini alichokuwa akitembea nacho wiki nzima kwa ajili ya kidato cha pili. Akatia uchafu ule kwenye kisosi cheupe, akadondosha matone mawili. Wakainama wote wawili. Rangi ya kahawia ikageuka buluu, buluu ikakolea mpaka ikakaribia weusi.

Violeth akaanza kucheka. "Wanga, baba. Huu ni unga. Mti wako unakula ugali!"

Maige alitazama kisosi, akatazama mti, akatazama binti yake. Alijisikia mpumbavu na mwenye furaha kwa wakati mmoja, maana unga si kifo. Lakini unga unatoka wapi? Kuku haruki na kijiko. Na kwa nini upande mmoja tu? Akarudisha bomba stoo, dawa ikabaki kwenye chupa yake.

Violeth alilala pale. Alfajiri, weupe ulipoanza kuingia, alimwamsha baba yake wakaenda kwenye dirisha dogo linalotazama uwani. Violeth alichungulia, akaziba mdomo. "Baba, njoo uone."

"Nani yuko nje?"

"Bibi."

Maige akageuka upesi akaukabili ukuta, pua yake karibu iguse saruji. Mkwe yuko nje na khanga ya asubuhi. Asingechungulia hata kama nyumba inaungua. "Nitangazie wewe," alinong'ona.

Na Violeth akamtangazia kama mpira wa redioni. "Bibi ameshika kibuyu. Amesimama nyuma ya benchi, anatazama jua linakotokea. Anakoroga kwa kidole. Anakunywa... hajameza, baba, hajameza! Anakaribia. Yuko uso kwa uso na mti. Pfuuu! Ameupulizia wote! Anasema kitu. Anachota tena. Pfuuu!"

Maige, akiwa ameukabili ukuta, alielewa kila kitu. Maji ya unga wa mtama, baraka za wazee, zinatolewa kabla mtu hajasemeshana na mtu. Bibi anatazama mashariki, mti uko mbele yake, baraka zinatua upande wa magharibi. Majani ya mwaka jana ni makavu na magumu kidogo, yalistahimili. Machipukizi haya ya wiki mbili, laini kama masikio ya sungura, yameganda kwenye uji, yakashindwa kujifungua, kuvu ikamalizia. Akataka kucheka. Kisha akakumbuka chupa ya fuvu, na uso wa yule mama mzee ukiinamia majani yaleyale alfajiri. Alikaa chini palepale sakafuni. "Mungu wangu," alisema, "jana jioni ningemuua mkwe wangu." Violeth akaacha kutangaza, akakaa kando yake, akamshika mkono.

Martina aliposikia alijifunga khanga kiunoni. "Mama ananijua mimi ni wa kwaya, mila hizi sizitaki, ndiyo maana kanificha. Naenda kumwambia sasa hivi."

"Usiende," Maige alisema. "Ukimwambia wewe, atajua mkwe wake amemshitaki. Leo hiihii atafunga mzigo."

"Sasa utamwambiaje wewe, usiyeweza hata kumsalimia?"

Maige alikwenda kuuchukua mkasi wake. Saa nne asubuhi alikohoa mara tatu, akakata kona, akabeba kigoda mpaka mbele ya benchi, akakaa ameupa mgongo mlango wa jiko. Ndani ya jiko Bibi Mbuke alikuwa akichambua choroko. Sauti ya ungo ilikoma. Maige akashika mkasi wake, akaanza kuongea na mti, kwa sauti ya kutosha.

"Wewe mti, una bahati. Nimesikia kuna mtu mkubwa anaamka alfajiri kukubariki. Mimi baba yako sikuwa na habari. Nilidhani unaumwa, nikataka kukutilia sumu. Ningefanya jambo ambalo nisingejisamehe mpaka kaburini."

Maige akapangusa kipaji cha uso.

"Ila mti, nikuambie, wewe hunywi kwa mdomo. Unakunywa kwa miguu. Hivi vitoto vyako vikimwagiwa unga vinagandana, vinashindwa kufumbua macho. Baraka zikimwagwa chini, zitapanda zenyewe mpaka juu."

Halafu sauti ya bibi ikatoka jikoni, kavu, haielekei kwa mtu yeyote.

"Mti, mwambie anayekufuga kwamba mimi sikujua. Kwetu kinachomwagwa chini ni cha waliokufa. Wewe uko hai, nikaona nikumwagie usoni."

"Mti, mwambie mtu mkubwa nimeelewa. Mambo ya baraka anayajua yeye."

"Na mwambie," sauti iliendelea, "nilisikia kwamba ulizaliwa wiki moja na mjukuu wangu. Nikimbariki mtoto nikuache wewe, ndoa itaondoka na mguu mmoja. Lakini si hilo tu." Ungo uliwekwa chini. "Huyo anayekufuga alipokuja kumposa binti yangu, mimi nilikataa. Nilisema huyu hana ng'ombe, hana dhahabu, anajaza udongo kwenye mifuko, mwanangu atakufa njaa. Ndugu za baba yake ndio walioshinda. Sasa namwona binti yangu ananenepa, anaimba hata anapoosha vyombo. Mjukuu wangu mwalimu. Mtu huyo nitamwambiaje asante? Kwa mdomo upi, wakati jina lake silitaji? Nikasema nitambariki mti wake. Mti, mwambie. Wabeja. Wabeja sana."

Maige aliuweka mkasi chini. Machozi yalikuwa yakimtiririka waziwazi, mwanamume wa miaka hamsini na minane, mbele ya kuku. Nyuma ya pazia la mlango Martina na Violeth walikuwa wamekumbatiana wanacheka na kulia bila utaratibu.

"Mti," alisema mwishowe, "mwambie nimesikia."

Siku ileile aliyakata machipukizi yote yaliyoharibika, na ya upande wa pili nayo, ili nguvu ya mti isiegemee kokote. Ulibaki mtupu, kama unaona aibu. Kamati ilipopita kuuona, mjumbe mmoja alishauri kwa upole kwamba labda wanunue friji. Bibi Mbuke aliendelea kuamka alfajiri, ila sasa alimwaga maji yake ya unga chini, miguuni pa benchi, na kuku wa Martina wakanenepa kupita kuku wote wa mtaa. Mchana kutwa yeye na mkwe wake walizungumza na mti: mvua ya kijijini, bei ya mpunga, magoti, na hivi huyo Marcel anakula vizuri? Mti ule haukuwahi kusemeshwa hivyo maisha yake yote.

Siku tano kabla ya sendofu, Maige alivaa miwani ya Martina akainama. Chini ya kila kidonda cha mkasi kulikuwa na vinundu vya kijani, vidogo kama punje za mtama. Alihesabu mara mbili. Palipokuwa na chipukizi moja palikuwa na matatu, mahali pengine manne, mafupi na yaliyobanana, jinsi alivyokuwa akiutamani mti ule uwe kwa miaka yote bila kuthubutu kuukata hivyo. Alipiga yowe, jirani akaangusha ndoo.

Ukumbini mshereheshaji alitangaza zawadi ya baba wa binti, na Maige akaingia na mti mikononi, amevaa suti iliyombana makwapani. Watu walicheka kidogo, kisha wakanyamaza walipoona anavyoubeba. Violeth alishuka jukwaani bila kusubiri kuitwa, gauni kaliinua juu ya vifundo, akainama akatazama matawi kwa karibu. "Baba, mbona wamezaliwa wengi hivi?" alisema. Akapiga magoti akaupokea, na vigelegele vikaanzia meza ya Bibi Mbuke. Wiki iliyofuata, baada ya harusi, mti uliondoka kwenda Geita, umefungwa mkanda kiti cha nyuma, ubavuni mwa bibi harusi.

Kesho yake asubuhi Maige alikohoa, akakata kona, akakaa kwenye kigoda mbele ya benchi tupu. Alama ya chungu ilikuwa bado kwenye ubao. Alikuwa na furaha na alikuwa na simanzi, na hakuwa na wa kumwambia. Jikoni ungo ulikuwa ukipepeta, kisha ukasimama. Akasikia bibi akivuta pumzi kama anayetaka kusema, akaacha, akavuta tena.

"Mti umekwenda," alisema bibi.

Maige alitazama benchi. Hapakuwa na mtu mwingine uwani, hapakuwa na mti, hata kuku walikuwa upande wa mbele. Neno lile lilikuwa limekuja moja kwa moja kwake.

"Umekwenda, mama," alijibu, bila kugeuka.

"Sasa nani atatusemesha?"

"Itabidi tujisemeshe wenyewe."

Bibi Mbuke alicheka, kicheko cha msichana, ambacho Maige hakuwahi kukisikia tangu aoe. "Haya, Maige," alisema. "Geuza hicho kigoda basi, ule viazi. Vinapoa."